Bolti Nane za Jenereta

Yurnalis alikuwa mpimaji wa mitambo hapa Padang, Indonesia. Kazi yake ilikuwa kuona kama mtambo utahimili tetemeko, nami nilimbebea vifaa miaka kumi na moja. Waliomnyima haki yake bado wanasalimiwa kwa heshima barabarani, na mimi nimechoka kunyamaza.

Siku ile tulipima jenereta ya hospitali mpya. Aliyeifunga ni mjomba wake mwenyewe, Datuk Darwisman, mkuu wa ukoo. Kwetu cheo cha datuk humwendea mpwa, na Yurnalis ndiye aliyekwisha kutajwa kukirithi.

Aliigonga jenereta kwa nyundo ya mpira, akasoma kipimo cha mtikisiko. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Mjomba akafurahi, akamwambia basi atie sahihi waende wakale. Yurnalis akajibu kuwa kitu kigumu hakipindiki, kwa hiyo nguvu yote ya tetemeko huzishukia bolti. Akanituma jeki ya kung'olea bolti, tujaribu kama zimeshika.

Vichwa vya bolti vilikuwa vinang'aa, vyote vinane. Ya kwanza ilichomoka kabla sijapiga jeki mara tatu, kama jino la utoto. Ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Mafundi walipokutana na nondo ndani ya zege, badala ya kutoboa mahali pengine waliikata bolti kwa msumeno. Tukang'oa ya pili na ya tatu. Vishina vitupu.

"Mjomba, ulijua?"

"Nani atachungulia chini ya sakafu, mwanangu? Tia sahihi. Au unataka cheo kiende kwa mdogo wako?"

Yurnalis aliokota kishina kimoja. Katika tetemeko la mwaka 2009 wawili hao walimtoa mama yake dukani akiwa amekufa. Kuta zilikuwa zimesimama. Mashine ya kukamua nazi ndiyo iliyoteleza ikamlalia, nayo haikupata hata mkwaruzo.

"Mashine ya mama uliifunga kwa bolti ngapi?"

Mzee akamsogezea kalamu.

"Hukufunga hata moja. Ulimwambia dada yako kitu kizito hakisogei."

Yurnalis akaandika HAIFAI, kalamu ikatoboa karatasi.

Jenereta ilifungwa upya kwa bolti ndefu. Cheo alipewa mdogo wake. Siku ya kumsimika, nyati alipochinjwa, Yurnalis aliketishwa mlangoni pamoja na wageni, kishina cha bolti mfukoni. Aliyemuuliza kisa alionyeshwa. Wengi walikitazama, wakarudia sahani zao. Nami nilikula.