Asali Iliyosingiziwa Kuua

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba nilimzika mke wangu Zainabu, aliyefariki kwa maradhi ya moyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza mtandaoni asali wanayorina na kuchuja majirani zetu wa kando ya Kipalapala, hapa Tabora. Mpwa wangu Hamisi alimtengenezea ukurasa, wateja wa Arusha na Dar es Salaam wakawa wanaagiza humo. Baada ya maziko oda zilikoma kabisa, na Hamisi akanionyesha sababu. Bi Tatu, mteja wetu wa Urambo aliyezoea kuja nyumbani, alikuwa ameandika kwenye maoni: "Muuzaji amekufa. Kila siku alikuwa anailamba asali hii hii."

Bi Tatu ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani msibani haleti pole, analeta kejeli, na asipozileta tunaona ametususa. Hakuweza kuja kuzika, basi akatimiza wajibu wake mtandaoni. Sisi tulicheka. Watu wa Arusha hawakujua.

Nilimpigia simu anifutie. "Utani haufutwi kwa simu," akasema. "Njoo." Uani kwangu madumu ya majirani yalikuwa yamejaa, na wao walikuwa wanaitegemea asali hiyo kwa sare za watoto. Nikaona niende.

Asubuhi nilipanda basi na dumu dogo la asali magotini.

Ndono, njiani. Abiria wa pembeni yangu akauliza asali ni ya wapi. Nikamwambia ya Kipalapala. Akatoa simu, akasoma, akaniangalia.

"Mzee, si ndiyo iliyomuua yule mama?"

"Yule mama ni mke wangu. Hakuuawa na asali."

"Na wewe unaila?"

"Kila siku."

"Pole sana," akasema, akahamia kiti cha nyuma.

Urambo, mchana. Nilimkuta Bi Tatu kibandani kwake akigeuza vitumbua. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mgane. Shati halijapigwa pasi. Kweli umefiwa."

Nikamweleza shida yangu. Akadai kwanza ada ya mtani, nikampa dumu. Hata hivyo simu hakuishika. Alijitanda kanga, akatembea kwa mwendo wa Zainabu, mguu wa kushoto akiuburuta kidogo, akasema kwa sauti ya marehemu: "Ramadhani, mfuniko umeukaza? Hujaukaza. Wewe hujawahi kukaza kitu."

Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikalazimika kukaa. Bi Tatu akaniwekea kitumbua mkononi, akageukia karai lake, wala hakunitazama mpaka nilipojifuta uso.

Ndipo akafuta maneno yale, akaandika mengine na kunisomea: "Marehemu aliuawa na moyo wake mwenyewe. Asali haina kosa, ni safi kuliko mume wake."

"Mume mtoe," nikasema.

"Mume abaki. Nikikusifu watajua nimehongwa."

Njiani kurudi niliwaza kwamba mtandao ulilifikisha tusi Arusha upesi sana, lakini udugu uliokuwa nyuma yake ulibaki Urambo, na mimi nimeufuata kwa basi.

Tulipokuwa tunakaribia Tabora, Hamisi alipiga. Oda imeingia kutoka Arusha, madumu mawili, na mteja anauliza kama huyo mume naye anauzwa.

"Nimjibuje, mjomba?"

"Mwambie hauzwi," nikasema. "Asali ipo."