Sura ya Pili ya Kitabu cha Pikipiki

La, sikiazimishi, na si uchoyo. Kile ni kitabu cha mwanangu cha kutengeneza pikipiki. Ukikisoma mwanzo hadi mwisho utajua kubadilisha oili, basi.

Aliyeniponza ni mkaza mwanangu, naye aliniponza kwa mapenzi. Ni mwalimu huko Kwale. Yeye na wanawake wenzake wanaopenda kusoma walikodi nyumba Diani, Jumamosi na Jumapili, waende wasomeane vitabu. Asiye msomaji hakaribishwi. Mkaza mwanangu hakutaka kuniacha peke yangu Mwabungo na mguu wangu huu mbovu, akawaambia mama mkwe wake halali bila kitabu. Miye, ambaye sahihi yangu ni dole gumba.

"Wakijua nimewadanganya, mama, uso wangu nitauweka wapi?" akaniambia.

Akakivika gazeti kile kitabu, picha ya pikipiki iliyo jaladani isionekane. Akanikaririsha maneno machache ya alfajiri na umande. Kisha akaniapisha nisiige sauti ya mtu. Nikaapa, na nia nilikuwa nayo.

Mwenyekiti wao ni mama mmoja wa Kwale, mrefu, huzungumza kama anayesoma matangazo ya vifo redioni. "Wapendwa. Chai. Iko mezani." Nikaionja. Haina sukari. "Mume wangu. Ana kisukari. Mwaka wa pili huu. Hajatia kitu kitamu. Mdomoni. Nami niliacha. Na nyinyi. Mtajaribu." Tukajaribu. Ilikuwa kama maji ya kusuuzia vikombe.

Baada ya alasiri tukakaa duara, kila mtu asome ukurasa wa kitabu anachokipenda. Akaanza msichana wa bara anayefanya kazi hotelini Ukunda. "Yaani hii buku, wamama, ilinimaliza. Nililia mpaka bosi akaniuliza nani amededi." Akasoma, akalia tena, akapewa kitambaa.

Ikafika zamu yangu. Nikavaa miwani, nikafungua kitabu, nikatoa alfajiri yangu na umande wangu, sikukosea hata neno. Mwalimu mmoja akapiga miayo. Mwenyekiti akasema, "Ahsante. Bibi. Kwa kujitahidi."

Kujitahidi, kama mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Mkaza mwanangu alikuwa ameshashusha pumzi, mambo yameisha salama. Ningefunga kitabu hapo. Nikafungua ukurasa mwingine.

"Sura ya pili," nikasema.

Sura ya pili ikataka mwanamume, na mwanamume hawezi kukaa kitabuni bila sauti, nikamtafutia iliyo karibu. Miye huuza mahamri barazani kwangu. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, huja bwana mmoja na gari, simjui kwao. Gari hulificha nyuma ya banda la kuku. Hukohoa mara mbili, husemea puani. "Khe, khe. Shikamoo bibi. Nipe mawili tu, mimi si mtu wa kula." Atakula manane. Kisha atajifuta masharubu kwa leso, pole pole, kama anayefuta ushahidi. "Nyumbani nimefungwa kama mbuzi wa Idi, bibi. Lakini hata mbuzi wa Idi hulishwa."

Nikawapa kikohozi, nikawapa pua, masharubu nikayafuta kwa ncha ya leso yangu. Kila nikikwama nageuza ukurasa. Wanawake wakaangukiana. Yule wa miayo alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Shosh, hii buku naenda nayo leo," akasema wa Ukunda.

"Wewe ngoja, mwanangu," akasema wa kwikwi. "Nami ni mkubwa wako, naanza mimi."

Mmoja akakishika huku, mwingine kule, gazeti likaanza kuchanika. Mkaza mwanangu akaruka, akakinyakua, akakikumbatia kama mtoto mchanga. "Si chetu," akasema, "kimeazimwa, kinarudishwa kesho." Akaniangalia nimsaidie uongo, nami ndiyo kwanza natafuta pa kuushikia.

Mwenyekiti peke yake hakuwa amecheka. Akaweka kikombe chini, akasimama. Safari hii hakupumzika katikati ya maneno, alizungumza kama watu wengine wote.

"Hakuna wa kukiazima. Huyo ni mume wangu, na wewe bibi hujui kusoma."