Nilivyopanda Jukwaa la Opera Pekupeku

Nasema mwenyewe leo, msije mkaisikia kwa Katekista Luhende ambaye akisimulia hachoki kuongeza chumvi: ni kweli, ni mimi Minza wa Nkoma, mama mzima mwenye mabinti wa kuozesha, niliyepanda jukwaani Ulaya bila viatu katikati ya wimbo wa mtu mwingine, na ni kweli nilishushwa kwa kushikwa mkono kama mlevi anayetolewa kilabuni. Hayo mengine (eti nilicheza, eti nilimkumbatia jaji) ni ya kwake, mwulizeni aliyaona wapi. Aibu niliyo nayo inanitosha, sihitaji ya nyongeza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba ndio wanaanza kuingia vijijini kwetu na mizani yao, ushirika uko hoi, minadani mitumba imejaa, na kila kwaya iliyojiheshimu imejichangisha ikanunua spika na kipaza sauti, sisi tukiwamo, hata tukafika mahali pa kuamini kwamba kuimba bila jenereta ni kuimba nusu. Basi Padre wetu mstaafu, Mwitaliano aliyekaa parokiani mpaka nywele zikamwisha, ambaye watu walimpa jina la Masanja kwa sababu anaongea Kisukuma kuliko vijana wa Bariadi mjini, akatualika mimi na Luhende tukamtembelee kwao. Mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo kwenye kwaya, Luhende kwa kuwa ni Luhende.

Kwao ni mji mdogo wa milimani, na kumbe kila kiangazi wana tamasha na mashindano ya kimataifa ya waimbaji wa opera, vijana kutoka kila pembe ya dunia wanakuja kushindana, na wenyeji wanawapa vyumba majumbani mwao. Nyumbani kwa dada yake Padre, tulikofikia, alikuwepo binti mmoja mwenye jina gumu lisilokaa mdomoni, mimi nikamwita Nkwimba, na nikimwita anaitika. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Asubuhi mimi namenya viazi na karoti jikoni, yeye chumba cha pili anapandisha na kushusha sauti, akimaliza anakuja kukaa karibu yangu anakula maganda ya karoti.

Padre alinieleza habari zake. Nchi yao nayo ilikuwa imefunguliwa juzijuzi kama yetu, na jumba la opera lililokuwa limemwajiri likafungwa, wakaambiwa kila mtu ajitafutie. Mwaka ule umri wake wa kuruhusiwa kushindana ulikuwa unaisha. Mshindi wa kwanza anaajiriwa na jumba kubwa la hukohuko. Wa pili anapewa maua na mkono wa pongezi. Akikosa, anarudi kwao kuuza dukani kwa shangazi yake. Nilimwombea huyo binti kuliko nilivyowaombea wanangu mtihani wa darasa la saba.

Siku ya fainali nikavaa gauni langu la kitenge, nikajitanda khanga, nikavaa na viatu vyekundu vya mtumba vya kisigino nilivyochagua mnadani kwa kuangalia rangi badala ya namba (vikanibana vidole mpaka mwili wote ukauma). Tulipokaa tu, nikavivua nikavisukuma chini ya kiti. Hilo ndilo kosa lenyewe, wala msitafute jingine. Ningekuwa nimevaa visigino, mtu angenisikia nikija.

Sasa lile jumba. Jamani. Ghorofa juu ya ghorofa, zote zimejaa watu waliovaa kama wanaoana, dhahabu mpaka kwenye dari, na mimi niliyedhani opera ni kupiga kelele kwa mpangilio nikakaa kwa adabu. Mwimbaji wa kwanza akafungua mdomo, sauti ikanifika kifuani kana kwamba amesimama mbele yangu, nikaanza kutafuta kwa macho.

"Padre," nikanong'ona, "spika wamezificha wapi?"

"Yaya, mayu," akasema, yaani hapana, mama. "Hakuna spika. Hakuna kipaza sauti. Ni koo tu."

Nikamwangalia nikidhani ananitania, lakini Padre alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Niliikumbuka spika yetu tuliyoipokea kwa vigelegele na maji ya baraka, nikaona haya.

Akaja Nkwimba. Gauni la kijani, mikono imekunjwa mbele, mdogo pale jukwaani, na nyuma yake okestra nzima. Akaanza chini, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto, halafu akapanda, akapanda tena, na pale unaposema sasa mwanadamu amefika mwisho, akatoa noti moja ambayo siwezi kuwaeleza. Najaribu tangu mwaka huo na siwezi. Ilikaa juu yetu wote, haina uzito, haitetemeki, na mimi machozi yakanitoka bila kuaga, nikamshukuru Mungu kwamba nimezaliwa na masikio. Kisha akanyamaza, okestra ikanyamaza, na jumba zima likanyamaza. Hakuna aliyepiga makofi wala kukohoa.

Hapa mnivumilie. Marehemu baba yangu alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo wa kundi la Wagalu, na kabla sijabatizwa nilikulia kwenye mbina, mashindano yetu ya ngoma baada ya kuvuna. Mnayajua: Wagalu upande huu, Wagika upande ule, wanaimba kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na hakuna jaji. Jaji ni miguu ya watu. Anayeimba vizuri, watu wanahama kumfuata, na mtu wa kwanza kuvuka ndiye anayewavuta wengine. Ukiona ningi amemaliza kuimba na watu wamekaa pale pale wanamtazama, ujue wamemzika. Mara moja baba alizikwa hivyo, nilimwona uso wake. Sasa natazama lile jumba, watu wote wamekaa, hawatikisiki, na yule binti amesimama peke yake kwenye taa. Nikajisemea, wamemzika mtoto wa watu. Asiposogelewa sasa hivi, duka la shangazi linamsubiri.

Nikainuka. Luhende anasema alinivuta gauni. Hakunivuta, alikuwa anatafuta pipi mfukoni. Nikakimbia pekupeku juu ya zulia, kimya kabisa, nikapita kwa wahudumu wanaoangalia mbele, nikapanda ngazi za pembeni, na nilipofika juu nikapiga vigelegele, vile vya harusi, vya kutoka tumboni. Kwa kuwa lile jumba limejengwa kubeba sauti, vigelegele vyangu vikaenda mpaka ghorofa ya mwisho vikarudi. Mpiga fidla mmoja akaangusha fimbo yake. Nikamfikia Nkwimba, aliyekuwa amefungua mdomo kuendelea (kumbe wimbo ulikuwa umepumzika tu, na sehemu nyingine nzima imebaki!), nikamvika khanga yangu mabegani, kisha nikawageukia watu, nikanyoosha mikono, nikawaita kwa lugha niliyoikuta mdomoni.

"Nzugi! Mbona mmekaa? Nzugi!"

Njooni, nawaambia watu waliolipa tiketi. Hakuna aliyekuja. Taa zinaniwaka usoni, vidole vyangu vya miguu viko mbele ya mkuu wa mji na mke wake, na kiongozi wa okestra amebaki na mkono juu. Ndipo mhudumu akanishika kiwiko, kwa heshima, lazima niseme.

Jaji mkuu, bibi mmoja wa nguo nyeusi, akasimama akatoa uamuzi: wimbo uliokatizwa hauhesabiwi, mshindani aanze upya tangu mwanzo. Mimi nikawekwa kwenye korido, mlango ukafungwa, na Padre akanitokea mwekundu.

"Bebe, wewe Minza! Umerogwa? Alikuwa bado anaimba!"

 Tukasimama pale mlangoni tunasikiliza, maana sauti yake ilipita kwenye ule mlango bila shida. Akaanza chini, akapanda, akapanda tena. Ilipofika ile noti, ikachanika pembeni kidogo. Kidogo sana; huenda ndani wengine hawakujua. Mimi nilijua kwa sababu ya kwanza niliisikia, na Padre akaniangalia halafu akaangalia ukuta.

Nkwimba akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye kifua kama pipa, aliimba vizuri, siwezi kumsingizia.

Alipotoka na maua yake nilipiga magoti, kama tunavyofanya kwetu ukimkosea mtu, nikalia. Nilidhani atanipita. Akakaa sakafuni na gauni lake lile, tukawa sawa, akasema na Padre.

"Anauliza kwa nini uliinuka," Padre akatafsiri.

"Mwambie kwetu mtu akiimba vile, watu hawabaki walipokuwa."

Padre akamweleza, kwa muda mrefu, nadhani alimweleza mpaka habari za Wagika na Wagalu. Binti akaweka maua yake sakafuni. Kisha akasema jambo, na Padre akapenga kamasi kwanza kabla ya kulitafsiri.

"Anasema mara ya kwanza ndiyo ilikuwa yenyewe. Hajawahi kuimba vile, na hajui kama ataimba tena. Majaji hawawezi kuihesabu. Anataka kujua kama wewe uliisikia, au ulikuwa unakimbia tu."

"Mwambie niliisikia. Mwambie ndiyo maana nilikimbia."

Akanishika uso kwa mikono miwili, tukalia wote. Halafu akasema tena, na safari hii Padre alicheka.

"Anasema kesho atakukasirikia sana. Lakini leo bado."

Na kesho yake kweli alikasirika. Alikunywa chai bila kunitazama, akafunga sanduku lake, akaondoka na gari la asubuhi, na mimi nikaona nimestahili.

Tangu hapo, pakiwa na watu wanaimba, iwe kanisani, iwe mashindano ya kwaya Bariadi, mimi nakaa katikati kabisa ya benchi, mama mnene kulia, mama mnene kushoto, ili moyo ukiinuka, mwili ubaki.