Diski ya Chumba cha Nyuma

Honorata alikuwa muuguzi kabla hajastaafu, na miaka ya wodini ilimfundisha kuchukia kitu kinachowaka bure. Ndiyo maana kompyuta ya chumba cha nyuma ilimkera. Lilikuwa dude kubwa la zamani, feni yake ikinguruma kutwa nzima, na kwa jinsi alivyoelewa yeye, kazi yake ilikuwa kunguruma tu. Hakuna aliyekwenda kuiketia. Picha na video zote za familia alizifungulia sebuleni, kwenye laptop ndogo aliyonunuliwa na binti yao, Clementina.

Waya wa kijivu uliopita darini, kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni, ulivutwa na mumewe mwenyewe. Gaudensi alikuwa fundi umeme, Muha wa Mwandiga, mtu asiyetulia mpaka ashike bisibisi. Siku alipoziunganisha zile kompyuta mbili alimwita mkewe, akamwonyesha alama ya diski kwenye kioo cha laptop.

"Bonyeza hapa, Mama Clementina. Vitu vyangu vyote utavikuta."

Akabonyeza, akavikuta. Tangu siku hiyo hakuuliza zaidi.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaingia katika nyumba yao ya mtaa wa Buzebazeba. Ulianza na funguo, ukaja kwenye njia ya kwenda sokoni Mwanga, ukafika kwenye jina la mke. Gaudensi alianza kumwita Honorata "nesi," akimshukuru kwa adabu kila alipomletea uji, kama mgonjwa anayengoja kuruhusiwa arudi kwake. Clementina, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, alipopiga simu, baba yake aliitikia salamu ya binti asiyemjua.

Kilichobaki kilikuwa kipindi cha saa moja tu kila mchana, baada ya kula. Honorata alimketisha kwenye kochi, akafungua laptop, akabonyeza ile alama. Zikaja video ambazo Gaudensi alizipiga ujanani na kuzihamisha kutoka kwenye kanda ambazo sasa zilishaoza: kwaya ikifanya mazoezi, Clementina akijifunza kutembea kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, na ile moja ambamo Honorata mwenyewe, kijana, yuko na sare yake nyeupe, anauficha uso kwa kanga. Nyuma ya kamera sauti ya Gaudensi inamtania: "Toa kanga hiyo, nesi wa watu! Unaficha nini, na mimi nimeshakuoa?"

Gaudensi akiisikia sauti yake mwenyewe alicheka. Aliangalia kioo, akamgeukia mwanamke aliyekaa pembeni yake, akamtazama sana. Kisha alisema, "Kumbe ni wewe, Honora."

Basi kwa kitambo hicho Honorata alikuwa na mume. Walizungumza. Aliulizwa kama miguu bado inamuuma. Halafu macho ya Gaudensi yalififia tena, naye Honorata akainuka kwenda kuosha vyombo. Hakuwa akiomba kitu kingine duniani.

Ndipo alipokuja Telesphory, mtoto wa kaka yake Gaudensi, akiwa na kibanda kipya pale Mwanga cha kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu na flashi. Kibanda alikuwa nacho, kompyuta hakuwa nayo.

"Shikamoo, mama mdogo. Hii ya chumba cha nyuma inafanya kazi gani?"

"Marahaba. Inanguruma."

"Basi ije ingurume kibandani kwangu, mnisaidie kijana wenu!"

Honorata akacheka. Hata hivyo hakuwa mtu wa pupa. Alifungua kwanza laptop mbele ya Telesphory, akabonyeza alama, video ya kanga ikacheza. "Baba yako mdogo bila hizi hanifahamu," alisema. "Unaona mwenyewe kwamba ziko huku?"

Telesphory akainama, akatazama kwa makini. "Ziko, mama mdogo. Na kule ziko. Yaani mnazo mara mbili."

Clementina naye alipopigiwa simu alisema ampe tu, mradi picha ziko kwenye laptop. Kweli, mara chache umeme wa chumba cha nyuma ulipozimika video ziligoma kufunguka, lakini Honorata alidhani ni hitilafu ya umeme tu. Watu watatu walishauriana kwa nia njema, na wote watatu walikosea. Telesphory akachomoa nyaya, akaifunga kompyuta kwenye bodaboda.

Kesho yake, baada ya chakula, Honorata alibonyeza. Juu ya alama ya diski palikuwa na mkato mwekundu, na maandishi ya Kiingereza yakasema njia haionekani. Alibonyeza tena. Gaudensi alingoja kwa heshima, mikono magotini.

Kwenye simu Telesphory alisema huenda ni mtandao tu, apumzike, ajaribu baadaye. Honorata aliamini, akajaribu mchana huo na michana iliyofuata. Aliposhindwa kabisa alikwenda mwenyewe Mwanga, akaikuta kompyuta imezungukwa na wateja. Telesphory alikuwa ameisafisha, akaiwekea Windows mpya, na kuijaza filamu hadi pomoni.

Waliibeba pamoja na laptop hadi kwa Joanitha, fundi wa kompyuta jirani na cherehani za soko.

"Mama, hizi video zilikuwa wapi pengine? Flashi? Simu ya mtoto?"

"Zilikuwa kwenye laptop."

Joanitha aliifungua laptop, akatafuta, akainua macho. "Kwenye laptop hazikuwahi kuwepo, mama yangu. Ilikuwa inazichungulia tu kwenye diski ya kule. Ni kama umekaa sebuleni mlango uko wazi, unakiona kitanda cha chumbani. Wakikitoa kitanda, wewe hubaki nacho."

"Lakini nilikuwa nazifungua."

"Ulikuwa unazifungulia kulekule."

Joanitha aliiacha mashine itafute masalia ya vilivyofutwa. Yalirudi majina tu. Jina la video ya kanga lilikuwepo. Walipolifungua kikatokea kipande cha filamu, watu wasiowajua wakikimbizana kwa bastola, kisha kioo kikawa kijani.

"Vipya vimemwagwa juu yake," alisema Joanitha kwa upole. "Sina la kukudanganya."

Telesphory alichuchumaa mlangoni, ameshika kichwa. "Mama mdogo, nipige."

"Nikikupiga zitarudi? Inuka, unawazibia watu njia."

Nyumbani alimketisha Gaudensi kwenye kochi. Laptop aliiacha imefungwa. Alichukua kanga, akaufunika uso nusu, akajaribu kucheka kama yule msichana wa kwenye video, na kicheko kikatoka cha kizee. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya. Gaudensi alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi kidogo.

"Unaimba vizuri, nesi. Kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Ee! Mke wangu naye ni wa hukohuko." Akatazama mlangoni. "Amechelewa leo. Ukimwona mwambie nimekaa namngoja."

"Nitamwambia," alisema Honorata, akaikunja kanga, akaenda jikoni kumtengenezea uji.