Taa Zilizojaribiwa Ndani ya Gunia

Dinamo ya baiskeli ilikuwa na harufu yake, na mpaka leo nikiinusa mahali popote ninageuka kumtafuta baba yangu. Ni harufu ya mpira wa tairi unaosuguliwa na chuma hadi unakaribia kuungua, ikichanganyika na vumbi na maziwa yaliyomwagikia keria yakagandia hapo. Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajaamua kama siku hiyo inafaa kuwikiwa, niliisikia dinamo ikianza kuguna langoni, kisha ikipanda sauti kadiri Baba alivyokanyaga pedali, mpaka ikapotelea upande wa barabara kuu. Sauti ikiwa nyembamba na bila kukatika, nilijua taa inawaka na Baba anakwenda vizuri. Ikikatika, nilizuia pumzi chini ya blanketi mpaka ianze tena. Msimu ninaotaka kuusimulia, ilianza kukatika mara nyingi mno.

Tulikaa Kabras, ndani kabisa ya miwa. Shamba letu lenyewe lilikuwa limekodishwa kwa miwa, kwa hiyo tulichokuwa nacho ni nyumba, ua, na baiskeli ya Baba. Mama alizunguka kwa majirani wenye ng'ombe akikusanya maziwa. Baba aliyafunga kwenye keria, mitungi minne, ambayo mimi niliihesabu mara mbili, maana nilishamwona mtu mzima akifunga mitungi mitatu na kuapa kwamba ni minne. Kisha aliyapeleka mjini Kakamega, kwenye hoteli ya chai ya mama mmoja ambaye hakuwa na muda wa salamu. Mama huyo alitaka maziwa kabla mteja wa kwanza hajavuta kiti. "Ukichelewa," alimwambia Baba, "mimi nitapika chai ya rangi, na chai ya rangi watu wa hapa wanainywanga kwao." Alikuwa mteja wetu wa pekee wa kununua mitungi yote. Akimpata mchuuzi mwingine, majirani nao wangempa maziwa huyo mwingine, na sisi tungebaki na ua na baiskeli.

Mtu ambaye hajapita katikati ya miwa iliyokomaa kabla ya mapambazuko asijidanganye kwamba analijua giza. Miwa husimama pande zote mbili ikizidi urefu wa mtu, mwezi hauna pa kupenyea, na barabara inakuwa kama mfereji uliojaa wino. Humo ndimo zilimopita trekta za kubeba miwa, zikivuta trela ndefu zisizo na taa hata moja nyuma, miwa ikiwa imechomoza nje kama mikuki. Baba alianguka mara ya kwanza mtaroni, akarudi na goti lililochubuka, akailaumu balbu. Akabadilisha balbu. Alianguka mara ya pili kwa kupanda juu ya rundo la miwa iliyodondoka, akailaumu dinamo. Na dinamo kweli ilikuwa na lawama zake: inatoa mwanga kadiri unavyokwenda kasi, kwa hiyo ukipanda mlima na mzigo, hapo hasa unapotaka kuona, ndipo inapofifia. Akaiuza dinamo, akanunua tochi ya betri na kuifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Juma lile lile akamgonga punda wa watu. Mitungi miwili ilimwagika, na mama wa hoteli akamwambia kwamba kuna kijana wa kutoka Ekero anayemuuliza kila siku kama anahitaji maziwa.

Ndipo Jumamosi Baba akanichukua sokoni tukachague taa. Aliniambia ananichukua kwa sababu nina macho makali ya kukagua bidhaa, nami nilijiona mtu mkubwa. Muuzaji wa taa alikuwa kijana tuliyemwita Stima, yaani umeme. Meza yake ilijaa taa za kila namna: za kufunga kwenye usukani, za kuvaa kichwani, nyekundu ndogo za nyuma zinazopepesa, na vioo vya kuakisi mwanga. Sasa, taa haijaribiwi juani, kila moja inaonekana imekufa. Kwa hiyo Stima alikuwa ametundika kwenye nguzo gunia kuukuu la makaa, akalishonea blanketi jeusi kwa ndani, na mwisho kabisa wa gunia akabandika ukurasa wa kalenda. Mnunuzi aliingiza kichwa na mabega pamoja na taa, akasoma tarehe atakayoambiwa. "Ukiisoma, taa ni nzima," Stima alikuwa akisema. "Usipoisoma, rudi shule." Soko zima lilikuona kuanzia kiunoni kushuka chini, kwa hiyo ilikuwa vyema kuvaa suruali isiyo na kiraka.

Nieleze pia jinsi tulivyonunua. Katika soko lile hakuna mtu mwenye akili aliyesifu kitu kabla ya kukilipia. Ulikitazama kama kilichokuudhi, ukakitafutia ila, ukakirudisha mezani, ukaondoka hatua chache, ukaitwa. Baba alikuwa fundi wa kazi hiyo. Nimemwona akiiambia ndizi mbivu kwamba ni mbichi, na muuzaji akaanza kuona hivyo hivyo. Mimi nilijifunza kwake, na leo nikitajiwa bei ya kwanza huwa ninacheka kwa adabu na kuuliza kama ni ya duka zima.

Basi Baba akaingia guniani na taa ya kwanza, akatoka. "Haiwaki," akasema.

"Haiwaki?" Stima akashika kiuno. "Mzee, hiyo jana mteja aliingia nayo humo akatoka ameiva uso!"

"Kibiriti kinaishinda. Lete ingine."

Akaingia na ya pili. Haiwaki. Ya tatu, haiwaki. Watu wakaanza kusogea, kwa maana mabishano mazuri sokoni ni burudani ya bure. Mimi nilisimama kando nikiwa na fahari, nikihesabu taa zilizokataliwa, kisha nikizihesabu tena ili nijue zipi tutazirudia bei ikishuka. Nilikuwa nimeshaichagua moyoni ile ya pili. Mwishowe Stima akainama chini ya meza, akatoa taa kubwa iliyofungwa kwenye karatasi. "Hii ndiyo mwisho wa taa, mzee wangu. Ukitaka kali kuliko hii, kanunue jua."

Baba akaingia nayo, akakaa. Akakaa zaidi. Mtu mmoja akauliza kama mzee amepata usingizi, watu wakacheka. Nikainama, nikapenyeza kichwa changu chini ya kwapa lake, nikaingia.

Ndani ya gunia kulikuwa kweupe kama kanisa jipya. Niliona kila herufi ya kalenda, niliona nyuzi za blanketi, niliona nywele nyeupe kwenye kidevu cha Baba ambazo sikuwahi kujua kama anazo. Aliielekeza taa mbele, sawasawa kabisa, macho ameyatoa. Mkono wake mwingine ulikuwa ukipapasa ukurasa wa kalenda kwa vidole, kama mtu anayetafuta sindano kitandani. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Haiwaki."

Mtu anayeponda bidhaa huiponda ili muuzaji asikie. Humo ndani hapakuwa na muuzaji. Nadhani nilielewa kabla sijajua ni nini nilichoelewa.

Alisikia pumzi yangu. "Nafula?"

"Ndiyo, Baba."

"Wameniambia nisome siku ya mwisho ya mwezi. Ni siku gani?"

"Ni Jumatano."

Hakuniambia ninyamaze. Alitoka, akajinyoosha, akaipandisha taa juu mbele ya watu wote. "Jumatano!" akasema kwa nguvu. "Hii sasa ndiyo taa." Halafu akauliza bei, akaambiwa, akalipa. Hivyo hivyo. Stima alibaki na noti mkononi, bei nyingine tatu alizokuwa amejiandaa kushukia zikiwa bado mdomoni. "Mzee," akauliza, na safari hii hakuwa akitania, "uko sawa?" Tulipokuwa tukitembea kurudi, Baba aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Kesho tutaenda wote."

Ndivyo nilivyokuwa taa. Nilikaa kwenye chuma cha mbele, kati ya mikono yake, na ile taa kubwa ikimulika vizuri sana kwa faida yangu mimi. "Kushoto kidogo, Baba. Shimo. Nyooka. Kuna mtu na ng'ombe. Nyooka." Yeye alikanyaga, mimi nikaona. Mama aliambiwa kwamba ninakwenda kushika mtungi uliolegea. Mama hakuuliza kwa nini mtungi haukazwi. Shuleni nilisinzia, mikononi niliota malengelenge ya baridi, lakini mitungi ilifika yote, na mama wa hoteli akaacha kumtaja kijana wa Ekero. Nilianza hata kuamini kwamba tunaweza kuishi hivyo. Kila siku niliomba kwa Mungu jambo moja, kwamba nisirefuke, nisije nikashindwa kuenea pale.

Kisha ukaja ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipoteremka kuelekea darajani mwanga wa ile taa ulirudi usoni kwetu kama ukuta. Nilisema, "Nyooka." Niliona miwa, nikadhani ni ya shambani, mpaka nilipoona tairi chini yake. Nilipiga kelele, Baba akavuta breki, matope yakatuchukua, tukaishia mtaroni, baiskeli juu ya mitungi, sisi kando. Trekta lilikuwa limeharibika likaachwa pale, katikati ya barabara, hata tawi la kuonya halikuwekwa.

Hatukuumia. Baba alikaa kwenye maziwa akinishika kichwa, shingo, mikono, akirudia tena kutoka kichwani. Taa ilikuwa bado imefungwa kwenye usukani, ikimulika trela lote kutoka chini hadi juu. Lilikuwa umbali wa mkono wake.

"Kilikuwa nini?" akaniuliza.

"Trela, Baba."

"Limeenda?"

Nikaushika mkono wake nikaunyoosha mpaka vidole vikagusa miwa. Aliipapasa, muwa baada ya muwa. Kisha akalia, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia akilia, hivyo mwanzoni nilidhani ni mtu mwingine gizani.

Hakuendesha tena. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa macho yalikuwa yamekufa pole pole kwa miaka, uwezo wa kuona usiku ukitangulia, na kilichokufa hakirudi. Kijana wa Ekero akachukua kazi ya kupeleka maziwa hotelini. Mama alikata miwa ya watu, nami baadaye nikaingia sokoni kuuza, ambako nimebaki.

Siku hizi maziwa hupita kwa pikipiki, na barabara ile ina taa ndefu kwenye vituo vya biashara. Tochi ndogo kama kidole inaishinda ile kubwa ya Stima. Mimi huomba kupunguziwa kila kitu, hata nauli, ila taa. Juzi nilimnunulia mwanangu taa ya baiskeli kwa sababu masomo yake ya chuo cha Sigalagala yanamrudisha jioni, nikalipa bei niliyotajiwa. Nikapitia kwa Baba. Aliomba aishike. Niliiwasha nikampa, naye akaibandika shavuni, kama alivyokuwa akifanya na taa za zamani, ambazo zilipata joto. Hizi za sasa hubaki baridi.

"Haiwaki," akasema.

"Inawaka, Baba."

Akaigeuzageuza. "Ulilipa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na hakukupunguzia hata kidogo?" Akatikisa kichwa. "Nafula. Wewe ulilelewa na nani?"

Akanirudishia. Sikuizima mpaka nilipofika nje.