Mimbari Ndogo ya Shemasi Mabry

Katika Kanisa la Baptisti la Mlima Nebo, mjini Tillery, kusini mwa Georgia, hakuna aliyeketi kabla Bibi Vernelle Mabry hajamwonyesha pa kuketi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupaza sauti ndani ya ibada. Hakuwa na haja. Mkono wake wa kushoto aliuweka mgongoni, ngumi imefungwa. Wa kulia, ndani ya glovu nyeupe, ndio uliokuwa msemaji. Vidole viwili: zipo nafasi mbili benchi la tano. Kiganja chini: ngojeni, watu wanaomba. Akigusa kola: leteni maji, kuna mtu amezidiwa. Wahudumu wenzake waliusoma mkono ule kama watoto wa shule wanavyosoma ubao, na si ajabu, kwa kuwa wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha kusoma ubao wenyewe. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne hadi alipostaafu.

Jina la Mabry halikuwa la kuokotwa njiani. Marehemu mumewe, Ezell, alikuwa seremala na mwenyekiti wa mashemasi, na hata katika saluni ya Barabara ya Lowndes, ambako hakuna aliyesalimika, mtu hakumtaja Mabry kabla ya kugeuka kutazama kama mlango umefungwa. Mwaka ule Vernelle alipokwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura, na karani mzungu akamtaka aeleze ibara nzima ya katiba ya jimbo, aliieleza, kisha akamsahihisha karani jinsi alivyoisoma. Ezell alikuwa akimngoja nje, kofia mkononi. Walirudi nyumbani kwa miguu, wamejinyoosha kama waendao arusini.

Ezell ndiye aliyetengeneza ile mimbari ndogo. Mwaka 1957 mwanamke wa Mlima Nebo hakuruhusiwa kusema neno kanisani, ila kutangaza chakula. Jumapili ya Wanawake ilipokaribia, mashemasi wakaapa kwamba hapana kiatu cha kike kitakachokanyaga ngazi tatu za mimbari kuu. Ezell hakubishana. Alikwenda kwenye karakana yake, akachonga mimbari ya mti wa jozi, akaipima kwa kimo cha Mama Idella Rush, aliyekuwa mfupi hata akivaa kofia ya Pasaka. Akaileta mgongoni, mvua inanyesha, mashemasi wamesimama wamekunja mikono, akaiweka chini, mbele ya mabenchi. Juu yake alipigilia kibati cha shaba chenye jina lake. Mama Idella akasimama hapo na kunena nusu saa nzima.

Usiku ule Vernelle alimwuliza kwa nini hakupigania ngazi zenyewe.

"Hawa mashemasi hawawezi kupanda zote tatu kwa mpigo," Ezell alijibu. "Nimewatengenezea ya kwanza."

Tangu afariki, mwaka 1982, Vernelle alikuja kila Jumamosi na kitambaa na mafuta, akaing'arisha mimbari ile mpaka shaba ikamwonyesha uso wake.

Agosti ya mwaka 1988, Jumapili ya Wanawake iliangukia siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo. Mhubiri wa siku hiyo alikuwa Corinthia, bintiye Vernelle, aliyesomea theolojia Atlanta na kurudi na shahada mbili na sauti ya baba yake. Alikuwa amehubiri Jumapili hiyo miaka mitatu mfululizo, daima akiwa chini, kwenye mimbari ndogo. Ijumaa ile Mchungaji Purnell Gadsden alitangaza kwamba Bwana Wade Tisdale, mzungu aliyekuwa akigombea useneta wa jimbo, atapewa dakika kumi za kusalimia. Na atasalimia kutoka mimbari kuu.

Jumamosi asubuhi Corinthia alimkuta mama yake jikoni akipanga keki za siagi.

"Mama, nitahubiri kesho kama nilivyoahidi. Lakini ndiyo mara ya mwisho Mlima Nebo."

Vernelle hakugeuka. "Ile mimbari ina jina la baba yako."

"Ndiyo maana nimesimama nyuma yake miaka mitatu bila kunung'unika. Lakini kesho mtu asiyejua hata wimbo wetu mmoja atapandishwa juu, na mimi niliyebatizwa mle ndani nibaki chini. Mkinitaka tena, njooni Atlanta."

"Watu watasema binti wa Mabry kaikataa kazi ya mikono ya baba yake."

"Watasema, Mama. Watu wa hapa wamewahi kukosa la kusema?"

Akambusu shavuni, akachukua kipande cha keki kilichokuwa kimehesabiwa, akaondoka.

Mchana ule Vernelle alikwenda kanisani peke yake. Aliipaka mafuta mimbari ndogo kuanzia miguuni hadi juu. Alipofika kwenye kibati, mkono ulisimama. Alikuwa amelinda jina lile miaka yote, dhidi ya umbea, dhidi ya vumbi. Sasa akajiuliza Ezell angesema nini akijua kwamba ngazi yake ya kwanza imegeuzwa kuwa ya mwisho, na kwamba aliyewafikisha watu hapo ni mjane wake, kwa kitambaa na mafuta. Akakaa benchi la mbele kitambo kirefu. Kisha akaenda kwenye simu ya ofisi, akawapigia wahudumu wawili, Dada Tullie na Kaka Rosco.

"Kesho macho kwangu," aliwaambia. "Hata mkiona jambo msilolielewa."

"Dada Vernelle," Rosco akasema, "mimi tangu darasa la nne sijawahi kukuelewa, na nimefaulu."

Jumapili joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya kofia. Mapepeo ya karatasi, yaliyogawiwa na kampuni ya mazishi kama tangazo, yalikwenda kama mbawa za njiwa, maana feni ya umeme ilikuwa moja tu, nayo ilikaa juu, kwenye mimbari kuu. Wanawake wote walivaa nyeupe. Bwana Tisdale alifika na vijana wawili waliofunga tai, katikati ya maombi. Mlango ulikuwa umefungwa, na Tullie amesimama mbele yake.

"Mama, huyu ni Bwana Tisdale," kijana mmoja alinong'ona. "Tuna ratiba."

"Na anayezungumzwa naye huko ndani ni Mungu," Tullie akamjibu. "Ngojeni zamu yenu."

Wakangoja dakika kumi na moja juani. Maombi yalipokwisha, Vernelle mwenyewe alitoka, akainamisha kichwa kwa adabu, akaunyoosha mkono wenye glovu. Tisdale akaufuata katikati ya kanisa, akitabasamu kushoto na kulia. Kule juu Shemasi Lonzo Birdsong, mwenyekiti mpya wa mashemasi, alikwisha kuinuka na kumwonyesha kiti kikubwa kando ya mchungaji. Mbele ya ngazi glovu ikakata kushoto. Mtu anayeongozwa na mkono ule hana uwezo wa kwenda kwingine. Tisdale akajikuta benchi la mbele, ubavuni mwa Mama Idella, aliyekuwa sasa na miaka tisini na mmoja.

"Kaa, mjukuu," alisema Mama Idella, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, ambayo kila mtu huisikia. "Nilimpikia bibi yako miaka tisa. Masikio hayo ni ya babu yako kabisa."

"Ndiyo, Mama," Tisdale akasema, masikio hayohayo yamekuwa mekundu.

Mchungaji Gadsden alisimama, akakohoa. Alikuwa mwema, mwoga kidogo, kama mtu aliyeoa familia kubwa. "Tunamkaribisha mgeni wetu atusalimie..." Akatazama ngazi. Lakini Vernelle alikuwa tayari kando ya mimbari ndogo, kiganja wazi, uso mtulivu kama wa sanamu. Tisdale akaenda palipoonyeshwa. Alikuwa na urefu wa futi sita na ushei, na mimbari ilipimwa kwa Mama Idella. Ikabidi ainame ili aone karatasi yake, na jina la Ezell Mabry likamkaa puani.

Alizungumza juu ya barabara na shule. Alikuwa anakaribia kuomba kura Mama Idella alipolinyoosha pepeo lake.

"Na kituo chetu cha kupigia kura mlichokihamisha kutoka Barabara ya Lowndes? Mimi nitembee maili nne kwa miguu hii?"

"Nitaliangalia jambo hilo, Mama."

"Kuangalia hata ng'ombe huangalia!"

Kanisa likaripuka. Hata wanakwaya walifunika midomo kwa vitabu vya nyimbo. Tisdale akakunja karatasi yake, akauegemeza mkono juu ya mti wa jozi, na kwa mara ya kwanza akasema bila kusoma. "Kituo hakikupaswa kuhamishwa. Nikichaguliwa, nitapigania kirudi, na mnishike kwa neno hili."

"Sasa umesema," Mama Idella akasema. "Katibu, andika."

Tisdale akarudi kuketi, na Mama Idella akampepea kidogo, kama malipo.

Kwaya ikaanza kuimba. Ndipo Vernelle alipoinua mkono. Vidole viwili, akavielekeza kwenye mimbari ndogo; kisha ngumi, akaielekeza ubavuni, kwenye mlango wa pembeni. Tullie akamtazama Rosco. Rosco akamtazama Vernelle. Mkono ukarudia, bila haraka. Wakavuka mbele ya watu wote kwa mwendo wa wahudumu, hatua kwa hatua na wimbo, wakainyanyua mimbari ya Shemasi Mabry kama wanyanyuavyo jeneza la mfalme, wakatoka nayo.

Shemasi Birdsong alishuka ngazi mbiombio. "Dada Vernelle! Unafanya nini? Hiyo ni ya Ezell!"

"Ndiyo, Shemasi. Na mimi ni mke wa Ezell."

"Sasa binti yako atasimama wapi?"

Vernelle aliuachia mkono ujibu. Aliugeuza polepole, kiganja juu, akauelekeza kwenye ngazi tatu. Corinthia, kwenye benchi la pili, aliuona. Aliusoma mkono ule kabla hajajua kusoma kitu kingine chochote. Akasimama, Biblia kifuani, lakini miguu haikwenda.

Kwaya ikamaliza. Mapepeo nayo yakasimama.

"Purnell!" Mama Idella akaita. "Umemwacha msichana wa watu asimame kama kikapu sokoni?"

Mchungaji Gadsden akatazama pale palipokuwa na mimbari ndogo, akamtazama Vernelle, na uso wake ukaanza kufunguka kama dirisha lililokwama siku nyingi.

"Mchungaji," Birdsong akanong'ona, "tuna utaratibu."

"Unapo mahali pengine, Shemasi? Au ahubirie ndani ya birika la ubatizo?"

Akashuka ngazi zote tatu, akampa Corinthia mkono, akapanda naye.

Corinthia alisimama nyuma ya mimbari kuu. Feni iliipeperusha shela yake nyeupe. Akafumba macho, akafumbua, akawatazama wanawake wote waliolowa jasho pale chini.

"Kumbe huku juu kuna upepo," alisema. "Na hawakutuambia!"

Kicheko kilichoibuka pale kilisikika hadi ng'ambo ya reli, wanasema waliokuwa wamebaki nyumbani. Wanawake walisimama wakitupa mapepeo hewani. Aliyekuwa na tari akaipiga. Mahubiri yenyewe yalichukua dakika arobaini, na hakuna aliyetazama saa, isipokuwa vijana wa Tisdale, ambao glovu nyeupe iliwarudisha kitini mara mbili. Vernelle alisimama mahali pake mlangoni, ngumi mgongoni, machozi yakishuka bila kufutwa, kwa kuwa mhudumu aliye kazini hapangusi uso.

Kwenye chakula, kati ya kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu, Birdsong alimjia amenywea.

"Ile mimbari, Dada Vernelle. Tuiweke stoo?"

"Stoo? Kazi ya Ezell Mabry?" Alimtazama hadi shemasi akarudi nyuma hatua moja. "Irudi mahali pake leo hii. Wanasiasa watasimama wapi?"

Na imekuwa hivyo. Corinthia amehubiri Mlima Nebo kila mwaka tangu hapo, juu, penye upepo. Chini hupewa kila mgombea ajaye na salamu, mweusi kwa mweupe, na kila mmoja huinama.

Bwana Tisdale alikuwa wa kwanza kuulizia kimo chake, siku ileile. Alimfuata Vernelle pale mezani, sahani mkononi, akijishika kiuno.

"Mama, ile meza niliyoinamia aliitengeneza nani? Ni fupi mno."

"Marehemu mume wangu," Vernelle akasema, akimkatia kipande cha keki, kikubwa. "Si fupi. Ilipimwa kwa mwenyewe, yule aliyekupepea."