Habari Niliyoiacha Ipite

Nimekuwa mhariri kwa miaka mingi kuliko niliyokuwa mke wa mtu, na katika yote mawili sikuwahi kushukuriwa. Hakuna msomaji aliyewahi kunipigia simu kuniambia kwamba nukta nimeiweka mahali pake. Kazi ya mhariri ikiwa nzuri haionekani, na mimi nilijidanganya kwamba nimeshazoea kutoonekana.

Ofisi yetu iko Kismayu, juu ya duka la simu, chumba kimoja chenye feni na kompyuta mbili. Tunaandika habari za mjini na za visiwani kwa Kiswahili, na wasomaji wetu wengi ni Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivyo, waliotawanyika tangu vita. Wako Mombasa, wako kambini Kenya, wako Ulaya. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi Mombasa, redioni, kabla ya kurudi. Miaka ya mwanzo hakuna kilichotoka kwenye ukurasa wetu bila kupita chini ya kalamu yangu, hata tangazo la mbuzi aliyepotea.

Kisha akaja msichana. Alikuwa amekulia kambini, Kisomali kinamtoka kama maji, na Kiswahili chake ni cha darasani. Aliandika kwa simu, akiwa njiani, akiwa anakula, akiwa anacheka na mtu mwingine. Aliwahi kuandika kwamba mkutano ulifunguliwa na afisa ambaye hakuhudhuria. Aya yake moja ilianza na bei ya samaki ikaishia na kukatika kwa umeme, na katikati hapakuwa na hata nukta moja ya kuvutia pumzi. Habari nyingine alizichukua kwa Kisomali akaipa simu imtafsirie, akazirusha zikiwa mbichi hivyo hivyo.

Na watu walimpenda! Kila asubuhi nilifungua ukurasa nikakuta mashaallah zimejazana chini ya jina lake. Bibi mmoja wa Ulaya aliandika kwamba hanywi chai kabla ya kumsoma "binti yetu". Mimi niliyekuwa nimesafisha habari alizosoma bibi huyo miaka yote hiyo, hakujua kama nipo duniani. Nilimwonea wivu yule msichana, sina sababu ya kulipamba jambo hili. Niliuonea wivu wepesi wake, na jinsi alivyokosea mbele za watu wote bila kuumwa na tumbo. Nikimsikia akipanda ngazi, nilikuwa nimeshanuna kabla hajafungua mlango.

Nilimpelekea mwenye ofisi karatasi mbili za makosa ya wiki moja, nimeyapigia mstari. Hakuzichukua hata mkononi.

"Dada," akaniambia kwa Kibajuni chetu, "wachu hawasomi nukta. Wachu wasoma habari."

Tangu siku hiyo ikawa habari itoke kwanza, kuhariri baadaye, na baadaye haikufika. Ila msichana mwenyewe, kwa adabu yake, aliendelea kunitumia habari zake kabla ya kuzirusha. Aliniita khala, kama angemwita ndugu wa mamake. "Khala, nitupie jicho dakika moja tu." Hata adabu hiyo ilinikera, kwa sababu ilinifanya nionekane mimi ndiye mwenye kinyongo. Nilikuwa nacho kweli.

Sasa kuna kanuni moja ambayo mtu asiyekulia visiwani haijui. Ajali ya baharini ikitokea, unataja watu kwanza, ndipo utaje chombo. Huku kwetu boti huitwa kwa mwenyewe na kwa kisiwa chake, hata ikiwa imeazimwa na wengine. Ukiandika kwamba boti ya fulani wa kisiwa cha Ngumi imezama na waliokuwemo wamekufa, kila Mbajuni popote alipo atajua kwamba fulani wa Ngumi amekufa. Hatasoma zaidi, ataanza kulia.

Siku moja, baada ya swala ya adhuhuri, msichana alinitumia habari ya namna hiyo hasa. Boti ya Ngumi, akamtaja na mwenyewe, imepinduka karibu na mji wa Burgao, na wanaume wawili waliokuwemo wamefariki. Hakuandika ni akina nani.

Nami nilijua ni nani hakuwemo. Mwenye boti alikuwa Kismayu siku chache kabla, amekuja kung'oa jino. Alipita ofisini kunisalimu huku shavu limemvimba, akanieleza kwamba boti amewaazima watu wa Burgao mpaka mwezi ujao. Kisha akapanda boti ya mwingine akarudi Ngumi, ambako simu hushika siku inayotaka yenyewe.

Nilisoma habari ile mara mbili. Nilihitaji kuongeza maneno machache tu: waliofariki ni watu wa Burgao, mwenye boti hakuwemo. Vidole vilikuwa tayari juu ya simu. Ndipo nikafikiri, acha itoke. Acha waone wanayempenda anajua nini. Nilidhani atapigiwa kelele kwa saa moja, watu watasahihisha wenyewe, na mwenye ofisi atanijia mikono nyuma. Nikamwandikia neno moja: "Sawa."

Nikaenda nyumbani, nikakaanga samaki, nikala nikashiba.

Asubuhi niliyoyakuta chini ya habari hayakuwa makelele. Yalikuwa rambirambi. Mke wa mwenye boti yuko Mombasa na watoto, na jamaa walikuwa wameshatangaza hitima. Watu wa Burgao walioko huko walikuwa wakimpa pole, masikini, hawajui kwamba msiba ni wao. Nikampigia yule mwanamke. Alipokea dada yake, akasema mwenyewe ameshaingia eda, amevua dhahabu yote, hataki kusema na mtu. Nikamwambia ampe simu kwa lazima.

"Mumeo hakuwemo," nikasema. "Boti aliwaazima watu wa Burgao. Aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake."

Nilisikia watoto na mtu akisoma Yasini.

"Mchu wangu yu hai?"

"Yu hai."

"Nawe wayua tangu lini?"

Nikasema, "Ni msichana wetu wa hapa ofisini. Hajui mambo ya visiwani." Nilisema hivyo bila hata kukwama ulimi.

Msichana hakujificha. Aliandika kwa jina lake kwamba kosa ni lake, akawaomba radhi mke na jamaa, na akawapa pole wafiwa wa Burgao, akiwataja marehemu wao mmoja mmoja. Yalikuwa maandishi safi kuliko yote aliyowahi kuandika. Nilitafuta pa kutia kalamu sikupapata. Watu wakamsamehe, wengine wakamsifu kwa uungwana wake, na Mungu anajua, hata pale nilimwonea wivu.

Jioni alikuja akakaa kwenye kiti kilichoelekea changu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Khala, nilikutumia kabla. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Hukuona?"

Angeuliza kwa hasira ningemwambia ukweli, ili tugombane yaishe. Lakini aliuliza polepole, akinitazama.

"Macho, mwanangu," nikasema. "Siku hizi yananisumbua."

Wiki iliyofuata alinishika mkono akanipeleka kwa daktari wa macho, miadi ameshaiweka yeye. Tuliingia pamoja. Daktari akanikalisha mbele ya ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini, akanipa kibao cha kuziba jicho moja. Msichana alikaa pembeni yangu na mkoba wangu mapajani.

Nilikuwa nikiuona ubao wote. Niliona mpaka mstari wa mwisho, na chini yake jina dogo la kiwanda kilichouchapa.

"Mstari wa tatu, mama," akasema daktari. "Nisomee."

Nikasoma herufi ya kwanza kama ilivyo. Ya pili nikaikosea. Ya tatu nikaikosea. Ya nne nikasema siioni kabisa.

Msichana akashusha pumzi ndefu, kisha akaweka mkono wake juu ya bega langu. "Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ya chini, na machozi yakaanza kumtoka. "Alhamdulillahi, khala. Nilikuwa nimeanza kukudhania vibaya."